Kaoze wa Marungu na falsafa iliyotangulia chuo kikuu

Mwaka 1920, Chuo Kikuu cha Oxford kule Uingereza kiliunganisha falsafa, siasa na uchumi katika shahada moja, kwa ajili ya vijana waliotarajiwa kushika serikali. Hawakulazimishwa tena kupitia Kigiriki cha kale. Miaka hiyohiyo, ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Tanganyika, Mkongomani mwenye kiu ya elimu ya juu alikuwa na mlango mmoja tu: seminari. Humo Kilatini kilikuwa lazima na falsafa ilifundishwa. Siasa na uchumi wa koloni vilibaki mikononi mwa Wabelgiji.

Mlango huo ulifunguliwa Mpala, kusini mwa Kalemie. Mbelgiji Émile Storms alijenga ngome hapo mwaka 1883, na miaka miwili baadaye Mapadre Weupe wakakabidhiwa. Shule yao ilimpokea Stefano Kaoze, kijana wa milima ya Marungu. Alisoma miaka mingi, lugha kwanza, kisha falsafa na teolojia, hadi tarehe 21 Julai 1917 alipopewa upadri huko Baudouinville, Moba ya leo. Akawa padri wa kwanza Mkongomani wa enzi ya ukoloni.

Lakini sifa yake haikuanzia kwenye altare. Akiwa bado mseminari aliandika kwa Kifaransa juu ya akili, utashi na maadili ya watu wake, na mwaka 1910 maandishi hayo, *La psychologie des Bantu*, yakaanza kuchapishwa katika jarida la Ubelgiji. Kitabu cha mmisionari Mbelgiji Placide Tempels kuhusu falsafa ya Kibantu kilitoka Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1945 tu. Tempels ndiye aliyepata umaarufu duniani, ingawa Kaoze alikuwa amemtangulia kwa miaka zaidi ya 30, naye alikuwa akiwaeleza watu wake mwenyewe.

Huku nje, uchumi ulikuwa ukisonga bila kungoja mapadri. Reli kutoka Kabalo ilifika Albertville, ndiyo Kalemie, mwaka 1915, bandari ikakua, na baadaye kiwanda cha nguo cha Filtisaf kikajengwa. Tangu 1917 sheria ya koloni iliwalazimisha wanavijiji kulima mazao yaliyoamriwa, pamba ikiwemo. Mkulima aliyeinama shambani hakuwa na kiti mahali bei ilipopangwa.

Ndiyo maana hatua ya mwisho ya Kaoze ina uzito. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia aliteuliwa kuingia katika Baraza la Serikali la koloni, Mkongomani wa kwanza kuketi humo. Baraza lilishauri tu, halikuamua. Hata hivyo, mtu aliyefunzwa kufikiri juu ya binadamu alikuwa sasa mezani pa wanaotawala. Alifariki mwaka 1951.

Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa karibu na Léopoldville, Kinshasa ya leo, miaka mitatu baadaye, na uhuru ulipofika mwaka 1960, Wakongomani wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika hata 30. Leo Kalemie ina chuo kikuu chake. Wanaosomea uongozi au uchumi mjini hapo wanastahili kumkuta Kaoze katika masomo yao ya mwaka wa kwanza, kabla ya Tempels, na kabla ya mwanafalsafa yeyote wa Oxford.