Khiyari ya Siku Tatu



Aliniandikia mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, mtoto wa mwambao, ambaye biashara ya maharage imemfikisha Kagerankanda, huko juu wilaya ya Kasulu. Watu wetu si wageni katika mkoa wa Kigoma, kwani Ujiji imekuwa na watu wa pwani tangu siku za misafara. Lakini Kagerankanda si Ujiji. Ni nchi ya Waha, wakulima, na mgeni anayetaka nyumba hapo hajui mlango wa nani aubishe. Basi akapata dalali, na dalali akamwonyesha nyumba ya tofali za kuchoma, yenye bati jema na uwanja nyuma. Jioni ile ile dalali akarudi na habari nyingine. Wako watu watatu wanaitaka, mmoja amekwisha ongeza bei, na mwenyewe ana safari. Kama huyu hataki kuikosa, na alete arbuni kabla ya magharibi, na akibadili nia baadaye arbuni hairudi. "Maalim, nifanyeje?"

Nikacheka, kisha nikahuzunika. Maneno hayo yana umri mkubwa kuliko Kagerankanda, na kuliko Ujiji pia.

Mnada wenyewe si haramu. Bwana Mtume (S.A.W.) alijiwa na Ansari mmoja akiomba, akamwuliza nyumbani kwake kuna nini. Palikuwa na tandiko na chombo cha kunywea maji, basi. Akavinadi yeye mwenyewe mbele ya masahaba; mmoja akatoa dirhamu moja, akauliza nani atazidisha, mwingine akatoa mbili, vikaenda. Dirhamu moja ikawa ya chakula cha watu wa nyumbani na ya pili ya shoka, na yule mtu akenda kukata kuni. Kushindana bei kwa uwazi, kila mmoja akitaka kitu kweli, hakuna ubaya.

Kilichokatazwa ni najshi, nayo ni mtu kuzidisha bei ya kitu asichokitaka ili amwingize mwenziwe. Na wale "watu watatu" wa dalali, ikiwa hawapo, ni najshi isiyokuwa hata na mtu wa kuifanya! Kadhalika imekatazwa kununua juu ya manunuzi ya ndugu yako baada ya wawili kukubaliana. Ama hiyo arbuni ya kupotea, Imamu Shafi na wanavyuoni wengi hawakuipitisha, na Imamu Ahmad ameipitisha. Masikioni mwangu arbuni na kurubuni ni ndugu.

Lakini nilitaka hasa kukueleza habari ya sahaba mmoja. Wengi humtaja kuwa ni Habban bin Munqidh, na wengine husema ni baba yake. Alipigwa kichwani vitani, akili ya kupima mambo ikapungua na ulimi ukawa mzito, naye juu ya hayo hakuweza kukaa bila kununua na kuuza. Kila akenda sokoni hupunjwa. Jamaa zake wakamwendea Mtume wakamtaka amzuie asifanye biashara kabisa. Mtume akamwita, akamkataza, na yule akasema hawezi kuacha. Basi hakumfungia. Alimfundisha aseme, kila anaponunua, kwamba hapana kulaghaiana, kisha awe na khiyari ya siku tatu: akiridhika ashike, asiporidhika arudishe. Akaishi mpaka zama za Sayyidna Uthman (R.A.), mzee sana, na watu walipokataa kupokea alichorudisha, masahaba walisimama kumshuhudia kwamba haki hiyo alipewa na Mtume.

Tazama, msomaji, dawa aliyopewa dhaifu. Hakupewa wakili wala hakupunguziwa bei. Alipewa muda. Na juu ya habari hiyo maulamaa wetu wa Kishafi wamejenga mlango mzima. Muuzaji na mnunuzi wana khiyari maadamu hawajaachana pale walipouziana, na wakitaka huweka sharti la khiyari lisilozidi siku tatu.

Sasa sikiliza jinsi neno hilo hilo lilivyogeuzwa kwetu.

Katika karne ya kumi na tisa Unguja na Pemba ziliota mikarafuu, na pamoja na mikarafuu yakaota madeni. Mwenye shamba alitaka fedha za harusi, za matanga, za kulipa wachumaji kabla karafuu haijauzwa. Mwaka 1872 kimbunga kikaiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Riba ni haramu, na kila mtu akijua. Kwa hivyo ikaandikwa bei ya khiyari: mwenye shamba "anamwuzia" mkopeshaji shamba lake, na anayo khiyari ya kulirudisha akileta fedha kabla ya muda fulani. Huku nyuma anabaki shambani mwake kama mpangaji, na kodi anayolipa kila mwaka ndiyo riba iliyovaa kanzu. Muda ukipita, shamba limekwenda. Hadhramaut walikuwa na jambo la jamii hiyo wakiliita uhda, na wako wanavyuoni wakubwa walioliruhusu kwa dharura za watu. Sisemi kwamba wote walioandika hati hizo walikuwa wadanganyifu. Na katika wakopeshaji walikuwamo Waislamu pia, wenye kusali safu ya mbele.

Bei ya karafuu ilipoanguka katika miaka ya 1930, madeni yakawa mazito hata serikali ya Kiingereza ikatoa amri mwaka 1934 ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie kwa wengine bila ya idhini. Kwa wengi ilikuwa wamekwisha chelewa. Khiyari ya Habban ilimpa dhaifu siku tatu za kutoka. Hii ya mashamba ilimpa tajiri tarehe ya kuingilia.

Nikamjibu kijana wangu: usitoe hata senti leo. Omba siku tatu, na mwenye kukunyima siku tatu amekwisha kukueleza habari ya nyumba yake. Siku hizo usizilalie. Ardhi ya kijiji, kwa sheria namba 5 ya mwaka 1999, i chini ya Halmashauri ya Kijiji, basi nenda ofisini kwao ukaulize. Uwaulize na majirani, khasa wazee wa kike, maana wao wanajua nani alizaliwa ndani ya nyumba ile.

Dalali alikasirika sana, lakini siku tatu akazitoa. Wale wanunuzi watatu hawakuonekana. Siku ya pili bibi mmoja jirani akasema nyumba ni ya marehemu, ameacha watoto wanne, na huyo anayeuza ni mmoja wao. Mirathi haijagawanywa, na dada wawili hawajui kwamba nyumba ya baba yao inatembezwa.

Mpaka ninapoandika haya haijagawanywa bado. Kijana amepanga chumba karibu na soko, na ameniandikia kwamba dalali yule sasa anampitia bila ya salamu.