Nani alichora mstari wa "nyumba moja, ploti moja" Nairobi?

1/ Kila mjadala wa magorofa ya Kilimani na Kileleshwa ukianza, kuna mtu husema: "Huu mtaa ulipangiwa nyumba mojamoja." Sawa, lakini aliyeupanga ni nani? Tufuatane.

2/ Mwaka 1913 serikali ya kikoloni ilimleta Profesa W. J. Simpson, daktari kutoka Uingereza. Tauni ilikuwa imeshapiga Nairobi. Akapendekeza watu wakae kwa kutengwa kirangi. Sababu waliyotoa: afya.

3/ Wazungu wakachukua miinuko ya magharibi, ploti kubwa, nyumba moja kila ploti. Wahindi wengi wakawa Ngara na Parklands. Mwafrika? Mashariki: Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni. Vyumba vidogo, vyoo vya kushare.

4/ Uhuru wa 1963 uliondoa ubaguzi wa rangi kwenye sheria. Ukubwa wa ploti ukabaki. Kuanzia hapo, kinachochuja watu ni pesa.

5/ Sasa tusidanganyane: wakaazi wa Kileleshwa wakilalamika kuhusu maji na sewa, wana haki. Mabomba yaliwekewa familia chache. Lakini Pipeline, kule Embakasi, magorofa yamebanana hadi jua halifiki chini. Huko nani aliuliza kuhusu "hadhi ya mtaa"?

6/ Kwangu mimi, sewa ni hoja. Hadhi ni ule mstari wa zamani umevaa suti. Mgombea akikuahidi nyumba ama akikuahidi kuzizuia, muulize: bomba jipya linakuja lini, na nani atalilipia?