Saumu Kwanza

Shangazi yangu aliporudi kutoka Jeddah mwaka 2019, alishuka na sanduku lililovunjika gurudumu, mgongo unaouma, na tabia mpya ya jikoni: anatia saumu kwenye mafuta kabla ya kitunguu.

Mathe hakuipenda hiyo tabia. Kwetu, na pengine kwenu pia, mambo yanaanza na kitunguu. Kinakaangwa mpaka kibadilike rangi, nyanya inafuata, kisha sukuma, kisha watu wanaitwa mezani, au kitandani kama mnaishi keja ya chumba kimoja. Saumu ni ya pilau na wageni. Lakini shangazi aliponda punje tano kwa ubavu wa kisu, akazitia kwenye karai yenye mafuta, akasimama pale akizitazama kama mtu anayengoja matatu. Zilipokuwa rangi ya dhahabu akatoa nusu, akaweka kando kwenye kisahani. Ndipo kitunguu kikaingia. Kisha mashina ya spinachi, ambayo alikuwa ameyatenga na majani. Kisha vijiko viwili vya sosi ya soya na kimoja cha siki.

Nikachukua mwiko nikoroge. Akanipiga kofi la mkono.

"Siki ikiingia hukorogi mpaka ichemke. Ukikoroga saa hii itabaki mbichi, itakukwaruza koo."

"Nani amesema?"

"Ate amesema."

Ate si jina. Ni neno la Kitagalog la kumwita dada mkubwa, kwa heshima. Huyu Ate alikuwa Mfilipino aliyefanya kazi nyumba moja na shangazi kwa miaka miwili, mmoja akilea watoto, mwingine akifua na kusafisha, wote wawili wakikutana jikoni usiku baada ya wenye nyumba kulala. Walielewana kwa Kiarabu cha jikoni na Kiingereza cha kuokoteza. Chakula chenyewe kinaitwa adobong kangkong. Majani yalitiwa mwisho, kwa dakika moja tu, saumu ile ya kando ikanyunyizwa juu, tukala na wali. Kupika kulichukua dakika kumi hivi. Nikamuuliza kama Wafilipino wanakula hivyo tangu jadi. Akasema yeye alifundishwa kupika, hakufundishwa historia.

Hiyo ya historia nikajitwika mimi. Wakati huo nilikuwa nimeshaacha chuo (nitafika hapo), na mtu aliyeacha chuo ana muda mwingi na uchungu wa kutosha kusoma vitu ambavyo hakuna atakayemtahini.

Tuanze na jani. Kangkong si spinachi. Spinachi ilikuwa mbadala wa shangazi, kile alichopata kwa mama mboga. Kangkong ni ndugu wa kiazi kitamu. Wataalamu wa mimea wanaiweka yote miwili kwenye kundi la Ipomoea, na kama umewahi kula matembele basi uko jirani nayo. Tofauti ni kwamba kangkong inapenda maji. Inatambaa kandoni mwa vidimbwi, mitaro na mashamba ya mpunga, mashina yake yana uwazi ndani kama mrija, na ukichomeka kipande kwenye tope kinashika. Marekani imeiweka kwenye orodha ya magugu hatari. Ufilipino ni mboga ya mtu ambaye mfukoni hana kitu.

Kuna wimbo ambao watoto wa Ufilipino wanaukua nao, Bahay Kubo, unaotaja mimea 18 inayozunguka kibanda kidogo cha kijijini. Nyanya imo. Kitunguu kimo. Njugu zimo. Kangkong haimo. Nyanya na njugu, zilizofika kwa meli kutoka bara la Amerika, zimepewa nafasi ndani ya bustani, na jani lililokuwa mtaroni siku zote limeachwa nje ya ua.

Sasa hizo meli. Magellan alifika visiwani mwaka 1521 na akauawa mwaka huo huo kule Mactan, kwa hiyo ziara yake haikupika chochote. Walioleta mambo ni waliofuata. Miguel López de Legazpi alifika Cebu mwaka 1565, na Manila ikawa makao makuu ya Wahispania mwaka 1571. Kuanzia 1565 mpaka 1815, kwa miaka 250, merikebu kubwa zilikuwa zikivuka Bahari ya Pasifiki kati ya Manila na Acapulco huko Mexico. Zilienda na hariri ya China, zikarudi na fedha ya Amerika. Ndani ya safari hizo zikapenya nyanya, mahindi, pilipili na viazi vitamu. Sikiliza majina: nyanya Kitagalog ni kamatis, kiazi kitamu ni kamote, na yote mawili yana mizizi kwenye Nahuatl, lugha ya Waazteki wa Mexico. Kitunguu ni sibuyas, kutoka Kihispania. Saumu ni bawang, neno la kwao wenyewe, wanalochangia na majirani zao wa Malaysia na Indonesia.

Na kile kitendo cha kukaanga saumu, kitunguu na nyanya kabla ya chochote kingine wanakiita gisa, kutoka neno la Kihispania guisar, kupika. Walichofanya na hilo neno ni kile tunachofanya sisi kila siku na maneno ya watu: wakalipasua katikati, wakaingiza sarufi yao. Mboga iliyokaangwa hivyo ni ginisa, ile "in" ikiwa imechomekwa tumboni mwa neno la mkoloni.

Usidhani haya yanatokea mbali sana na sisi. Visiwa hivi vilipata jina kutoka kwa Felipe, mwana wa mfalme wa Uhispania, mwaka 1543. Felipe akakua, akawa Mfalme Felipe II, na baadaye akatwaa na kiti cha Ureno pia. Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus pale Mombasa mwaka 1593, mfalme wao alikuwa ni yeye. Mtu aliyebandikwa jina lake juu ya Ufilipino ndiye aliyekuwa bwana wa ngome tunayopigia selfi.

Adobo nayo ina kesi yake. Wenyeji walikuwa wakipika kwa siki na chumvi kabla Mhispania hajafika. Mhispania akaonja, akakumbuka nyama inayolowekwa kwao inayoitwa adobo, akasema basi hii ni adobo ya wenyeji. Jina hilo limo kwenye kamusi ya Kitagalog ya padri Pedro de San Buenaventura, iliyochapwa mwaka 1613. Jina la zamani, kama lilikuwepo, limemezwa. Mtu anafika jikoni kwako, hajui kupika unachopika, lakini ndiye anayekiandikia jina.

Hapa ndipo waandishi wengi wa vyakula hukunja mkeka. Wanakwambia vyakula vya Ufilipino ni mchanganyiko mzuri: Mmalay kidogo, Mhispania kidogo, Mchina kidogo, Mmarekani juu yake. Doreen Fernandez, aliyeandika kuhusu chakula cha kwao kuliko karibu mtu mwingine yeyote, alionyesha jinsi watu wa kule walivyovigeuza vya wageni vikawa vyao, na nadhani alikuwa sahihi. Wanaonisumbua ni wanaosema "mchanganyiko" kana kwamba watu walikutana kwenye pikiniki.

Chukua sosi ya soya. Kitagalog wanaiita toyo, kutoka Kihokkien, lugha ya watu wa Fujian kusini mwa China. Pechay, kabichi ya majani ambayo pia hupikwa ginisa, ni neno la Kihokkien. Hata siyanse, mwiko bapa wa chuma wa kugeuzia mboga kwenye karai, umetoka huko. Watu walioleta maneno hayo walikuwa wafanyabiashara na mafundi waliowekwa kwenye mtaa wao nje ya ukuta wa Manila, uitwao Parián, mahali ambapo Wahispania wangeweza kuwaona na, ikibidi, kuwapiga mizinga. Waliushika mji mzima: waokaji mikate, washonaji, wauza mboga, wavuvi, mafundi viatu. Walikuwa wengi kuliko Wahispania mara nyingi, na Wahispania waliwaogopa kwa hilo.

Mwezi wa Oktoba 1603 hofu hiyo ililipuka. Kulikuwa na uvumi kwamba China ingevamia, Wachina nao wakaogopa kwamba wangeuawa, baadhi yao wakainuka, na Wahispania wakisaidiwa na wanajeshi wenyeji na Wajapani wakawaua kwa wiki kadhaa. Makadirio ya kawaida ni watu 20,000 hivi. Antonio de Morga, aliyewahi kuwa ofisa mkubwa Manila, alikiandika kisa hicho kwenye kitabu kilichochapwa Mexico mwaka 1609. Anaeleza kwamba ghasia zilipoisha mji uliingia shidani: Wachina hawakuwepo tena, na chakula hakikupatikana, wala viatu, hata kwa bei za kuumiza.

Nilisoma hapo mara tatu. Waliua wapishi wao, kisha wakashangaa njaa. Baada ya muda Wachina waliruhusiwa kurudi, kwa sababu mji haukuweza kujilisha bila wao. Mwaka 1639 wakauawa tena kwa maelfu. Ile chupa ya sosi nyeusi kwenye rafu ya supamaketi imepita hapo.

Kitabu cha Morga kina maisha ya pili. José Rizal, mwandishi ambaye Wahispania walimpiga risasi tarehe 30 Desemba 1896, alikikuta London kwenye maktaba ya British Museum, akakinakili, akakichapa upya Paris akiwa amejaza maelezo yake pembeni. Morga alikuwa ameandika kwamba wenyeji hupenda samaki aliyeanza kuoza. Rizal akamjibu: hiyo ni bagoong, uduvi au samaki wadogo waliochachushwa kwa chumvi, na mtu aliyewahi kuionja anajua haijaoza wala haipaswi kuoza. Bagoong hiyo hiyo ndiyo wengine hukaangia kangkong mpaka leo badala ya sosi ya soya. Kwenye visiwa vya Visayas wanayo yao, apan-apan. Napenda kwamba mtu anayepigania heshima ya taifa zima alisimama kidogo kutetea kitoweo.

Wamarekani waliwanunua kutoka kwa Wahispania mwaka 1898 kwa dola milioni 20, wakaleta shule na vyakula vya makopo. Kisha Wajapani wakaingia. Wakati wa vita hivyo mchele ulipoadimika, watu walirudi kwenye kamote na kangkong. María Orosa, mkemia wa chakula aliyeamini Wafilipino wangeweza kujilisha kwa mazao yao wenyewe, alitengeneza unga wa soya uitwao Soyalac uliopenyezwa kwa wafungwa kambini. Alifariki Februari 1945, Manila ikipigwa mabomu.

Sasa turudi jikoni Jeddah, maana Ate hakufika huko kwa bahati tu. Mwaka 1974 Ferdinand Marcos alitia saini sheria ya kazi iliyoifanya serikali yenyewe kuwa wakala wa kupeleka watu ng'ambo. Nyumbani ajira hazikutosha, na Ghuba ilikuwa imejaa pesa ya mafuta baada ya bei kupanda mwaka mmoja kabla. Ilitakiwa kuwa dawa ya muda. Mwanzoni walienda wanaume wa ujenzi, kisha wanawake wa kazi za nyumbani, na mpaka leo mamilioni wako nje. Sisi tulifuata njia hiyo hiyo baadaye, na kama umewahi kusimama pale JKIA usiku umewaona: wasichana wenye mabuibui mapya na faili za plastiki, wakiongozwa na ajenti anayetembea haraka.

Shangazi alikuwa mmoja wao. Pesa zake ndizo zilizonipeleka chuo. Mwaka 2018 mwajiri alianza kuchelewesha mshahara, mwezi mmoja, kisha miwili, simu yake ikafungiwa kabatini, na mimi nikafika muhula wa mtihani bila karo. Sikufukuzwa. Jina halikuwa kwenye orodha, basi. Alirudi akidai miezi mitatu ambayo mpaka leo haijalipwa. Kwa hiyo ukiniuliza adobong kangkong ina nini ndani, nitakutajia saumu, siki, sosi na majani, lakini najua pia nililipa nini ili mapishi yafike Kayole.

Ate bado yuko Jeddah, nyumba nyingine. Mwezi jana shangazi alipika tena, safari hii kwa majani ya viazi vitamu aliyoletewa na jirani kutoka shambani, akapiga picha, akamtumia. Jibu lilikuja usiku wa manane, sauti ya kunong'ona ya mtu aliye jikoni asiyetaka kuamsha watu. Alicheka kwanza. Akasema hiyo si kangkong, hiyo ni kamote, na majani yameiva kupita kiasi. Kisha akauliza nani alikoroga siki.

Shangazi akanielekezea simu nijibu mwenyewe.