Gari kuukuu linapoinama upande mmoja: Jinsi ya kutambua chanzo na kulirekebisha

GARI linaposimama mahali tambarare, bila mzigo wala abiria, na bado upande mmoja ukawa chini kuliko mwingine, hiyo ni ishara kwamba kuna kitu kilichochoka, kilichovunjika au kilichofungwa vibaya katika mfumo unaobeba uzito wake. Wenye magari wengi huizoea hali hiyo na kuichukulia kuwa ni uzee tu. Wengine hukimbilia kununua springi mpya kabla ya kujua iliyoharibika ni ipi.

Makosa yote mawili hugharimu, na hugharimu zaidi mtu anayeishi mbali na karakana. Katika kijiji cha Rapsu, eneo la Kinna katika kaunti ndogo ya Garbatulla, Isiolo, gari moja huweza kubeba mazao ya mashamba ya unyunyizaji maji leo, mbuzi wa kupelekwa sokoni kesho, na usiku wa manane likawa ndilo la kumkimbiza mgonjwa hospitalini. Njia ni za udongo na mawe, na hukatwa na malaga, yaani mikondo ya mito ya msimu. Gari lililoinama likishuka kwenye ukingo wa laga likiwa na shehena, uzito wote huelemea upande ule ule uliodhoofika. Hapo bamba lililopasuka huvunjika kabisa, au gari hupinduka.

Ubaya mwingine huja polepole. Tairi huliwa upande mmoja, gari huvuta usukani, na breki hazishiki sawasawa kwa kuwa magurudumu hayagawani uzito ipasavyo.

ANZA NA MAMBO MEPESI

Kabla ya kulaumu springi, hakikisha upepo wa tairi unalingana kushoto na kulia, kisha soma maandishi yaliyo ubavuni mwa kila tairi. Tairi ya ukubwa wa 155/80R14 ina kipenyo cha takriban milimita 604, ilhali ile ya 175/65R14 ina takriban milimita 583. Zote mbili huingia kwenye rimu ya inchi 14, lakini upande wenye tairi ya pili utakaa chini kwa takriban sentimita moja ingawa springi ni nzima.

Ondoa pia mzigo wa kudumu. Betri ya pili, pipa la maji, tairi ya akiba na sanduku la vifaa vikiwekwa upande mmoja kwa miaka mingi huinamisha gari hatua kwa hatua. Tangi la mafuta nalo katika baadhi ya magari huwa upande mmoja. Heri kupima likiwa na kiasi kile kile kila mara.

Ikumbukwe kwamba baadhi ya magari yalitoka kiwandani yakiwa na springi zisizolingana. Land Rover za zamani, kwa mfano, ziliwekewa springi yenye upinde mkubwa zaidi upande wa dereva ili kufidia uzito wake. Springi hizo zikibadilishwa pande, au zikinunuliwa zilizotengenezewa magari ya usukani wa kushoto, gari litainama hata zikiwa mpya kabisa.

JINSI YA KUPIMA

Simamisha gari mahali palipo sawa. Sakafu ya saruji ndiyo bora, lakini uwanja mgumu uliosawazishwa pia unafaa. Lisukume mbele na nyuma mara chache, kisha bonyeza kila kona ili springi zitulie.

Chukua utepe wa kupimia. Usianzie chini kwenye ardhi, kwa kuwa ardhi na tairi vinaweza kukudanganya. Pima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi ulio juu yake. Andika vipimo vyote vinne. Tofauti ya milimita chache kati ya kushoto na kulia si ya kutia wasiwasi katika gari kuukuu. Ikizidi sentimita moja, au ikiwa inaongezeka kila mwezi, kuna jambo la kutafutwa.

Kama gari liliwahi kugongwa na kunyooshwa, madigadi huenda haziko mahali pake pa asili. Hapo linganisha umbali kati ya ekseli na fremu ya chesisi, upande hadi upande.

NI MBELE AU NI NYUMA?

Hapa ndipo wengi hupotea. Kona iliyo chini si lazima iwe ndiyo yenye kasoro. Bodi ya gari ni ngumu kama meza: mguu mmoja ukifupishwa, miguu mingine nayo hubadilisha mkao. Springi dhaifu ya nyuma kushoto hushusha kona hiyo na wakati huo huo huinua kidogo kona ya mbele kulia. Asiyejua huona tofauti ya mbele akaanza kufungua springi za mbele zisizo na hatia.

Njia ya kutenganisha ni hii. Zuia magurudumu ya nyuma kwa vigingi au mawe makubwa. Weka jeki katikati kabisa ya mhimili wa mbele wa chesisi, wala si chini ya ekseli, kisha inua hadi magurudumu ya mbele yaache ardhi. Sasa mbele pameegemea nukta moja na hapawezi kuuinamisha mwili wa gari. Pima upya nyuma, kushoto na kulia.

Vipimo vya nyuma vikiwa sawa, springi za nyuma ni nzima na kasoro iko mbele. Vikibaki na tofauti, kasoro iko nyuma. Rudia zoezi hilo kwa kuinua nyuma, huku magurudumu ya mbele yamezuiwa barabara, maana katika magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma pekee. Wakati wote huo mtu asiingie chini ya gari.

SPRINGI ZA MABAMBA

Pikapu nyingi zina springi za mabamba nyuma. Pikapu za Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizotengenezwa kabla ya 1999 zina mabamba mbele na nyuma. Kuanzia mwaka huo ziliwekewa springi za koili mbele, mabamba yakabaki nyuma.

Safisha matope kwa maji na brashi, kisha kagua kila bamba. Ufa mara nyingi hutokea karibu na bolti ya katikati au pale ncha ya bamba fupi inapokandamiza lile refu. Ufa mpya hung'aa, ule wa zamani huwa na kutu. Tazama pia upinde: springi iliyochoka hulala kuliko mwenzake ingawa hakuna bamba lililovunjika.

Kagua bushi za masikio ya springi na kiungio chake cha nyuma kinachobembea. Bushi ikiisha, chuma hulia kikisuguana na chuma na upande huo hushuka. Bolti ya katikati ikikatika, ekseli husogea mbele au nyuma na gari huenda mshazari. Pima umbali kati ya kitovu cha gurudumu la mbele na la nyuma, kila upande, nawe utajua. Mwisho, chunguza chesisi pale springi inaposhikiliwa. Ufa hapo si kazi ya springi tena bali ni ya fundi stadi wa kuchomelea.

SPRINGI ZA KOILI

Magari madogo kama Toyota Probox yana springi za koili mbele na nyuma. Koili huvunjika zaidi kwenye mzunguko wa mwisho wa chini, ndani ya kikombe chake, ambako mchanga na maji hukaa. Kipande kilichovunjika huweza kubaki hapo hapo kisionekane. Zungusha tochi ukitazama ncha, na usikilize mlio wa chuma unapokata kona. Katika magari ambayo koili ya mbele imezunguka shokomzoba, ncha iliyovunjika inaweza kuchomoka na kutoboa tairi.

Kagua vilevile raba zinazokalia koili, bushi za mkono wa chini, na kiti cha juu cha shokomzoba. Jambo moja husahauliwa mara nyingi: bolti za bushi za mikono hukazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, raba hujisokota, gari hukaa kimo kisichofaa na bushi huraruka mapema.

FIMBO ZA MSOKOTO

Matatu za Toyota Hiace na baadhi ya pikapu kuukuu hazina koili mbele. Uzito hubebwa na fimbo ndefu za chuma zinazojisokota, nazo zina bolti ya kurekebisha kimo. Kwa kuwa bolti hiyo ni rahisi kufikiwa, imekuwa kishawishi: upande ukishuka, fundi huikaza tu.

Kukaza kunafaa iwapo fimbo imelegea kwa uzee na bushi ni nzima. Inua gari kwanza ili bolti isibebe uzito, zungusha kidogo kidogo, lishushe, liendeshe hatua chache, kisha pima tena. Ukikaza upande mmoja kupita kiasi, uzito huhamia gurudumu hilo na lile la nyuma upande wa pili, na gari hukosa utulivu wakati wa kufunga breki. Fimbo ya kushoto na ya kulia hazibadilishani nafasi. Ukizitoa, ziwekee alama.

Kwa magari yenye mifuko ya hewa au mfumo wa mafuta ya shinikizo, dalili kuu ni gari kusimama sawa jioni na kuamkia limeinama. Hapo kuna uvujaji. Pakaza maji ya sabuni kwenye mfuko na mabomba ya hewa uone povu.

TIBA ZISIZOPONYA

Shokomzoba hazibebi gari. Kazi yake ni kutuliza mtikisiko. Kuzibadilisha ili kuinua upande ulioshuka ni kupoteza fedha, isipokuwa kama zimevuja na zinahitaji kubadilishwa kwa sababu hiyo.

Kuongeza bamba au kipande cha raba upande mmoja huficha kasoro bila kuiondoa. Vivyo hivyo kupasha bamba moto na kulipiga nyundo ili lirudishe upinde. Chuma cha springi hupata nguvu zake kwa kupashwa na kupozwa kwa vipimo maalumu. Moto wa kubahatisha huziondoa. Bamba kama hilo huonekana zuri karakanani na kulala tena baada ya shehena chache, au kukatika ghafla.

Tiba ya kweli ni kubadilisha springi kwa jozi, kushoto na kulia pamoja. Ukinunua zilizotumika, ziweke sakafuni sambamba ulinganishe idadi ya mabamba, unene na upinde. Badilisha na bushi wakati huo huo; bei yake ni ndogo ikilinganishwa na kazi ya kufungua mara ya pili.

TAHADHARI

Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi au magogo imara chini ya chesisi. Koili iliyobanwa ina nguvu ya kuua. Usiifungue bila kifaa maalumu cha kuibana, na usitumie waya wala kamba badala yake.

Bamba likivunjika njiani, kipande cha mti mgumu kikiwekwa kati ya ekseli na chesisi na kufungwa kwa mpira wa tairi kitakufikisha mjini, mradi upunguze mzigo na kwenda mwendo wa pole. Hiyo ni njia ya kufika kwa fundi tu.

BAADA YA KAZI

Pima kona zote nne tena na uhifadhi vipimo hivyo ndani ya gari. Kaza upya bolti zinazofunga springi kwenye ekseli baada ya kilomita mia chache, kwani springi mpya hujilaza kidogo. Peleka gari likasawazishwe magurudumu, na urekebishe taa za mbele zisiwapofushe wengine.

Katika baadhi ya pikapu kuna vali karibu na ekseli ya nyuma inayogawa nguvu ya breki kwa kutegemea kimo cha gari. Kimo cha nyuma kikibadilika, vali hiyo ikaguliwe, la sivyo breki za nyuma zitashika kidogo mno au kupita kiasi.

Gari la vijijini halina budi kupimwa namna hii kila baada ya miezi michache, hasa kabla ya mvua na kabla ya msimu wa mavuno. Utepe wa kupimia na robo saa ya subira vinatosha kumjulisha mwenye gari kona inayoshuka, naye akamwendea fundi akijua anachokwenda kununua.