Kiangazi cha Nani? Utalii wa Mwambao na Mamlaka ya Msimu

Mwezi Julai, shule za Ulaya zinapofunga, mawakala wa safari wa Berlin na Milano huiuza Zanzibar kwa jina la kiangazi. Mteja hufungasha miwani ya jua na nguo za kuogelea, akashuka Unguja akitarajia bahari iliyolala. Anachokikuta ni kipupwe. Upepo wa kusi unavuma tangu alfajiri, mawimbi yanapasuka kwenye mwamba upande wa mashariki, ngalawa nyingi zimevutwa juu ufukoni, na wazee wanakaa barazani wamevaa makoti. Kiangazi cha mwambao kilikwisha Machi, masika yalipokaribia.

Kosa hili la jina lina gharama, na makala haya yanajaribu kuihesabu. Mijadala yetu ya utalii endelevu imetawaliwa na vitu: mirija ya karatasi, paneli za jua juu ya mapaa, vyeti vya kijani vilivyotundikwa mapokezi. Sina ugomvi navyo. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Kenya mwaka 2017, Tanzania Bara mwaka 2019, na hatua hizo zilistahili kuchukuliwa. Lakini lipo swali linalotangulia vitu vyote hivyo, nalo ni la wakati: ni nani mwenye mamlaka ya kumwambia mgeni kwamba leo hapana, mwezi huu hapana, subiri maji yajae? Pale ambapo mamlaka hayo yapo na yanatiiwa, samaki hupata muda wa kuzaana na visima muda wa kujaa. Pasipokuwa nayo, cheti hubaki karatasi.

Mwambao haukungoja wataalamu wauletee kalenda. Makunduchi, kusini mwa Unguja, watu huadhimisha Mwaka Kogwa kila Julai, katikati ya msimu wa wageni. Picha zinazosambaa ni za wanaume wanaochapana kwa migomba na kibanda cha makuti kinachoteketea. Kinachoadhimishwa ni kuanza kwa mwaka wa Nairuzi, kalenda ya jua yenye siku 365 iliyopokewa kutoka Uajemi kwa njia ya bahari. Mwaka wa Hijria hufuata mwezi, hivyo hauwezi kumwambia mkulima lini apande wala nahodha lini atweke. Nairuzi iliweza. Siku zake ziligawanywa makumi makumi, kila kumi likiitwa mwongo, na kwa miongo watu walilima, walivua na walisafiri. Makunduchi huaminika pia kwamba siku hiyo ni vibaya nyumba kukosa mgeni. Naona hapa jambo ambalo waandishi wa sera wamelipita: mgeni anatakiwa, tena sana, lakini anakaribishwa ndani ya kalenda ya mwenyeji.

Chini ya kalenda ya jua kuna ya mwezi, nayo ndiyo inayotawala kila siku ya pwani. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa Unguja hukaribia mita nne. Paje na Jambiani bahari hujivuta mbali kuelekea mwambani, ikiacha uwanja wa mchanga, majani na madimbwi. Kwa mgeni aliyelipia chumba kinachotazama bahari, hiyo ni bahari iliyotoweka. Kwa wanawake wa kijiji ndiyo saa ya kazi. Hushuka kwenye mashamba ya mwani, zao lililoanza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, au hutembea mwambani kutafuta pweza na chaza. Upepo ule ule wa kusi huwaleta Paje wacheza tiara za baharini, ambao kamba na mbao zao hupita juu ya vigingi vya mwani. Mahali ni pamoja na saa ni ile ile, ila kalenda mbili zimegongana, na mara nyingi mwenye fedha ndiye anayepishwa.

Hoteli nyingi zimelijibu tatizo la maji kupwa kwa bwawa la kuogelea, na hapo swali la wakati linageuka kuwa swali la kisima. Pwani ya mashariki ya Unguja ni nchi ya mawe ya matumbawe. Maji matamu yaliyo chini yake ni tabaka jembamba linaloelea juu ya maji ya chumvi na kujazwa na masika na vuli. Ukilivuta kupita kiasi, chumvi hupanda. Stefan Gössling, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, alikadiria kwamba mtalii mmoja wa pwani hiyo alitumia wastani wa lita 685 kwa siku, mara nyingi zaidi ya mwanakijiji, na kwamba sehemu kubwa ya maji ya hoteli ilimwagiliwa bustani. Mahitaji hupanda miezi ya ukavu, kwa kuwa miezi ya ukavu ndiyo likizo. Idadi ya wageni imekua mno tangu wakati ule: mwaka 2024 Zanzibar ilipokea zaidi ya watu 700,000, ilhali sensa ya 2022 iliwahesabu wakazi 1,889,773. Kubadilisha mirija hakuwezi kuigusa hesabu hiyo. Kupunguza vitanda vya Agosti kunaweza.

Mfano wa jengo lililokubali kalenda upo, umbali wa kilomita kumi na kitu kusini-magharibi ya mji wa Zanzibar. Kisiwa cha Chumbe ni kidogo, kina mnara wa taa wa mwaka 1904, na mwamba wake wa magharibi ulitangazwa hifadhi mwaka 1994 baada ya juhudi za Sibylle Riedmiller, Mjerumani aliyeanzisha mradi huo. Nyumba za wageni ni saba tu. Kila moja ina paa linalokusanya mvua na kuishusha katika birika chini ya sakafu, na vyoo vyake havitumii maji. Masika hufunga kisiwa na kujaza mabirika. Wageni wa kipupwe huishi kwa akiba hiyo. Watu hawawezi kuzidi mvua. Waliokuwa wavuvi wa vijiji vya jirani waliajiriwa kuwa walinzi, na watoto wa shule za Unguja huletwa kuyaona matumbawe ambayo wengi wao, japo wamezaliwa pwani, hawajawahi kuyatazama chini ya maji.

Nisiipambe Chumbe kupita haki yake. Mwamba ule ulikuwa tayari umezuiwa kwa wavuvi kwa sababu za kijeshi na njia ya meli, hivyo ni wachache waliopokonywa riziki ulipofungwa. Kulala huko ni ghali, na mfumo wa nyumba saba hauwezi kubeba uchumi wa kisiwa kizima. Kinachoweza kuchukuliwa kutoka Chumbe ni utaratibu wa kuhesabu: anza na mvua na mwamba, kisha ndipo uulize vitanda vingapi.

Kizimkazi hesabu ilianzia mwisho. Wavuvi wa huko waliwahi kuwavua pomboo kwa ajili ya chambo cha papa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 waligundua kwamba pomboo hai analipa zaidi, na hilo lilikuwa badiliko jema kweli. Lakini wageni hufikishwa kwa magari asubuhi, wakiwa na saa chache kabla ya kurudishwa hotelini kwa chakula cha mchana. Ndani ya saa hizo pomboo lazima waonekane, kwa hiyo maboti huwazingira, huwakatia njia, na watu hurushwa majini juu ya vichwa vyao. Watafiti waliowafuatilia pomboo wa Kizimkazi walikuta kwamba maboti ya watalii yakiwapo wanyama hao hupumzika kidogo, hutafuta chakula kidogo, na kusafiri zaidi. Miongozo ya kuwatazama ipo. Nahodha anaijua. Anachokikosa ni nguvu ya kuwaambia abiria kumi waliolipa kwamba pomboo wamelala na chombo kinageuka. Tukimlaumu yeye tutakuwa tumemwonea. Ratiba iliyomfikisha pale ilipangwa na wengine.

Mafia, maumbile yenyewe yamekataa. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, yenye kilomita za mraba 822, ilianzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza ya aina yake Tanzania. Mbele ya Kilindoni papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, huonekana takriban kuanzia Oktoba hadi Machi, akila vijidudu na uduvi katika maji yale yale wanayovuliwa dagaa. Kusi likianza hupotea. Kwa muda mrefu ilidhaniwa amehama. Vifaa vya sauti walivyofungwa baadhi yao vilionyesha kwamba wengi hawakwenda popote: walikuwa wamejitenga na ukingo wa pwani na kushuka kwenye kina, mbali na macho. Mnyama huyu, aliyeorodheshwa mwaka 2016 miongoni mwa walio hatarini kutoweka, ana miezi ya kuonekana na miezi ya faragha. Ningependa kuona kila hifadhi ya mwambao ikiwa na miezi ya namna hiyo kwa sheria, pasipo kungoja samaki aamue.

Sheria ya namna hiyo si ngeni kwetu, na ina jina zuri. Pwani ya Kenya maeneo ya bahari yanayofungwa na vijiji vyenyewe huitwa tengefu. Huko Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, wavuvi walioona nyavu zikirudi tupu waliamua katika miaka ya 2000 kuacha kuvua eneo la hekta 30 hivi. Wageni huja leo kuogelea palipotengwa na kulipa ada kwa jumuiya. Ninalipenda neno lenyewe kwa sababu linabeba mtendaji ndani yake. Kitu kimetengwa; basi yupo aliyekitenga, na anayeweza kuulizwa. Neno "hifadhi" limezoeleka kusikika likitoka ofisini.

Pemba kuna mfano wa zamani zaidi wa jinsi katazo linavyopata mizizi. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, kinasimuliwa kuwa ndipo Nabii Hadhara alipoomba msala wa kusalia, akakosa, akasema kisiwa hiki kilichoelekea kibla ndicho kitakuwa msala wake. Wavuvi wa dago wamekitumia vizazi kwa vizazi. Ulipokuja mpango wa kukijengea hoteli walipinga, na mwaka 1998 kikatangazwa eneo la hifadhi ambamo uvuvi unaruhusiwa isipokuwa sehemu iliyofungwa. Baadaye elimu ya hifadhi ilipitia kwa maimamu na madrasa: binadamu ni khalifa juu ya ardhi, si mmiliki, uumbaji una mizani, baruti majini ni israfu. Mvuvi ambaye kanuni ya idara ilikuwa haimgusi aliielewa hoja hiyo siku ileile. Siamini kwamba dini pekee huokoa samaki, na Misali imeendelea kuwa na wavamizi. Ninachoamini ni kwamba "hapana" husikika ikisemwa kwa lugha ambayo msikilizaji tayari anaiheshimu.

Pingamizi zito ni la njaa. Anayepika chipsi Nungwi hawezi kula kanuni. Akiambiwa msimu umefungwa atauliza watoto watakula nini. Ni swali la haki, na hujibiwa vibaya pale kufunga kunapoamriwa kutoka mbali huku faida ikienda kwa mwingine. Lakini tuangalie hali ilivyo sasa: hoteli nyingi hupunguza wafanyakazi masika, bila malipo, kwa sababu wageni hawapo. Msimu uliofungwa tunao tayari, umefungwa na soko, na gharama yake hubebwa na mhudumu na mpishi. Hoja yangu ni kwamba mapumziko hayo yapangwe, yalipiwe kutokana na mapato ya Julai na Agosti, na yaendane na mahitaji ya bahari.

Kuna pia safari yenyewe. Anayeruka kutoka Ujerumani anavuka takriban kilomita 7,000 kila upande, na joto la bahari linaloyapausha matumbawe, kama lilivyofanya vibaya mwaka 1998 na tena 2016, linachangiwa na moshi wa safari kama hizo. Siwezi kuliondoa doa hilo kwa maneno. Linaweza kupunguzwa kwa kukaa muda mrefu na kuja mara chache. Wazee waliposema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walikuwa wakieleza pia lini mgeni anaacha kutazama na kuanza kuishi kwa saa za nyumba. Wiki tatu katika kijiji kimoja humfundisha mtu bamvua na maji mafu. Siku nne katika fukwe nne humfundisha njia ya uwanja wa ndege.

Pa kuanzia pako karibu kuliko tunavyodhani. Vijiji kadhaa vya Pemba na Unguja, Kisiwa Panza kikiwamo, hufunga miamba yao kwa miezi mitatu hivi ili pweza akue. Pweza hukua upesi sana, na siku ya kufungua kijiji kizima hushuka mwambani, wanawake na wanaume, na mizani hungoja ufukoni. Wakati huohuo majiko ya hoteli hudai pweza kila usiku wa Agosti, na anayekuja na pweza wa chini ya nusu kilo aliyeibwa kwenye mwamba uliofungwa hupata mnunuzi. Kamati ya wavuvi haiwezi kulinda mwamba usiku kucha dhidi ya bei ya mjini. Mpishi mkuu anaweza. Ingetosha menyu iseme kwa Kiswahili na kwa lugha ya mgeni kwamba pweza hakuna hadi mwamba wa kijiji ufunguliwe, na chini yake iandikwe tarehe iliyopangwa na kamati.