Nuru ya Macho na Istilahi za Elimu ya Nuru

Msemaji wa Kiswahili husema kwamba mzee fulani amepoteza nuru ya macho, na pengine hutwambia tutupe macho upande wa baharini. Semi hizi ni nzuri, wala hatukusudii kuziondoa. Lakini mfasiri wa kitabu cha fizikia hana budi kujihadhari nazo, maana zabeba nadharia kongwe: kwamba jicho ndilo litoalo nuru na kuitupa juu ya kitu kionwacho.

Nadharia hiyo ilishikwa na Wayunani, Euclid na Ptolemy wakiwamo. Aliyeing'oa ni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965, akafanya kazi Cairo na kuandika Kitab al-Manazir, chenye mafungu saba. Hoja yake moja ni ya kila siku: mwenye kulikodolea jua macho huumia, na akiyafumba bado huona alama yake, basi kuna kitu kilichoingia. Tena alipanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza. Kila taa ilitia doa lake ukutani. Ilipofunikwa moja, doa lake peke yake ndilo lililotoweka. Miali, basi, hunyooka toka kwenye taa na kupishana tunduni bila kuchanganyika.

Kuhusu kioo, Wayunani walikwisha kujua kwamba pembe ya mwali uingiao ni sawa na ya mwali urudio. Neno letu *akisi* latokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kugeuza. Twalipendelea kuliko *kung'aa*, litumiwalo ovyo: taa hung'aa kwa nuru yake, bali kioo, ukuta, hata jani, huakisi nuru ya kwingine.

Shida imo katika utando wa nyuma ya jicho. Ibn al-Haytham alidhani hisi ya kuona huanzia penye lenzi. Ni Kepler, mwaka 1604, aliyeeleza kwamba taswira hutua juu ya utando huo, tena kichwa chini. Waarabu waliuita kwa jina la wavu, wakiwafuata Wayunani. Wafasiri wa Kilatini nao wakashika *rete*, yaani wavu, ndiyo asili ya *retina*. Sisi twaandika *retina*, na hatuoni ubaya. Ila mwalimu atakayesema *utando-wavu* darasani atakuwa amefasiri kama walivyofasiri wao. Na katika mchoro, mshale uchorwe kutoka kwenye kitu kwenda jichoni.