Sandarusi, leza na vifuu vya nazi

Wiki hii ni polima tu: nailoni, polithini, bakelaiti. Mimi mtu wa Kilwa nikabaki najiuliza, mbona sandarusi haitajwi?

Sandarusi ni utomvu wa msandarusi. Ukikaa ardhini miaka mingi, molekuli zake hushikana minyororo na kuwa ngumu kama kioo cha njano. Hiyo ni polima kabisa, ila haikutoka kiwandani. Karne ya 19 wazee wetu wa pwani ya Kilwa na Lindi waliichimba, ikapitia Unguja mpaka Salem, Marekani, hasa baada ya Sayyid Said kuwekeana mkataba na Wamarekani mwaka 1833. Kule ikawa vanishi ya samani na magari ya farasi. Huku tukaletewa vitambaa, ndiyo ile merikani. Ile mbichi tuliiita chakazi, Wazungu wakaisikia "jackass", yaani punda! Jamani.

Mwaka 1907 Leo Baekeland akatengeneza bakelaiti. Baadaye gundi na vanishi za viwandani zikaifunika sandarusi, mashimo yakaachwa.

Sasa sikia hii. Polima nyingi ni vihami, umeme haupiti, kwa sababu elektroni zimefungwa kwenye vifungo vya molekuli. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walipiga leza ya kaboni dioksidi juu ya plastiki iitwayo poliimidi. Leza inachoma kidoa kidogo kwa muda mfupi sana, vifungo vinakatika, gesi zinatoka, kaboni inayobaki inajipanga upya kuwa grafini. Palipokuwa na njano panakuwa peusi, na umeme unapita! Unachora waya kama unavyochora kwa kalamu.

Mwaka 2018 wakafanya hivyo hivyo kwenye mkate, ganda la kiazi na kifuu cha nazi. Kifuu, wadau! Sisi Lindi tunakitia jikoni.

Naona historia inataka kujirudia. Sandarusi tulichimba sisi, ujuzi wa kuipika ukabaki Salem, na biashara ilipokufa hatukubaki na kitu mkononi. Kifuu tunacho, msandarusi upo. Leza moja ya maabara ingetosha kuanzia. Nimeshaamua: mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni kifuu. Anayetaka tushirikiane anitafute maktaba, nakaa upande wa dirishani.